R44, R66 au Bell 505: kuchagua helikopta nyepesi ukiwa Dar es Salaam

Swali linaloulizwa zaidi na watu wanaotaka kununua chopa hapa Dar es Salaam ni "ipi nzuri?" Halijibiki mpaka useme itabeba nani, itatua wapi na itajazwa mafuta gani. Ukishayasema hayo, uamuzi kati ya Robinson R44, Robinson R66 na Bell 505 unakuwa mwepesi kuliko unavyodhani. Nimezichukua hizi tatu kwa sababu ndizo zinazowaumiza vichwa wanunuzi wengi wa helikopta ya injini moja: moja ya bei ya chini, moja ya kati, moja ya juu.

Niseme mapema nimezijuaje. R44 na R66 nazirusha kazini, nikitokea Terminal 1 ya uwanja wa Julius Nyerere. Bell 505 nimeirusha kwa majaribio tu, katika uwanja wa Lanseria nje ya Johannesburg. Lanseria uko futi 4,517 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa Arusha uko kama futi 4,550, kwa hiyo niliyoyaona kule yananieleza zaidi kuhusu Arusha mchana kuliko kuhusu Dar.

Kuna jambo la kuliweka wazi kabla ya kulinganisha chochote. Muuzaji akikurusha kwa majaribio, mara nyingi mtakuwa wawili, tangi likiwa nusu, asubuhi kabla jua halijawaka. Katika hali hiyo helikopta zote ni tamu. Inapanda kama inavutwa na kamba, inaelea bila kutikisika, na unashuka ukiwa umeshaanza kupanga rangi ya kuipaka. Tofauti ya kweli hujitokeza viti vyote vikiwa na watu, saa nane mchana, mahali pa juu. Hali hiyo ndiyo niliyoiweka mbele kila nilipopima.

Vigezo

Nazipima zote tatu kwa mambo sita: mafuta, joto na mwinuko, viti na mizigo, zinavyojisikia mkononi, injini inapozimika, na karakana pamoja na fedha. Kasi sikuipa kigezo chake. R44 na R66 husafiri karibu na kilomita 200 kwa saa, na 505 hufika kama 230. Kwa safari ya Unguja, tofauti hiyo ni dakika chache ambazo mnara wa uwanja unaweza kuzimaliza kwa kukusubirisha mara moja tu.

Historia yao kwa ufupi. R44 iliruka mara ya kwanza mwaka 1990 na kupata idhini ya Marekani mwaka 1992. Ina viti vinne na injini ya pistoni ya Lycoming. R66 ni ndugu yake kutoka kiwanda hicho hicho cha Torrance, California. Iliruka mwaka 2007, ikaidhinishwa 2010, ina viti vitano na injini ya turbaini ya Rolls-Royce RR300. Bell 505 ndiyo changa zaidi: iliruka kwanza Mirabel, Kanada, Novemba 2014, na Kanada ikaiidhinisha Desemba 2016. Nayo ina viti vitano, na injini yake ni turbaini ya Kifaransa, Arrius 2R.

Mafuta

Hapa ndipo wanunuzi wa kwetu wanapopaswa kuanzia, na ndipo wengi wanapofika mwisho.

R44 inatumia Avgas, petroli maalumu ya ndege za injini za pistoni. R66 na 505 zinatumia Jet A-1, mafuta yale yale ya ndege kubwa za abiria. Viwanja vyetu vikubwa vinavyopokea ndege za ratiba vinaishi kwa Jet A-1. Avgas ni habari nyingine: mahali pengi nje ya miji mikuu ya usafiri wa anga haipo, na ukiitaka unaipeleka mwenyewe kwa mapipa. Mapipa yanataka gari, mlinzi, pampu yenye kichujio, na mtu wa kuhakikisha hakuna maji yaliyoingia. Anayepiga hesabu ya R44 kwa kuangalia unywaji wake tu anausahau mnyororo huo wote.

Unywaji wenyewe uko hivi. R44 hunywa takriban lita 57 hadi 60 kwa saa, R66 kama lita 87, na 505 huzidi lita 100. Matangi nayo yanatofautiana: R44 hubeba kama lita 176, R66 kama lita 279, na 505 kama lita 322. Kwa hiyo R44 ina takriban saa tatu hewani, na R66 inazidi kidogo. Kwa mstari ulionyooka, Dar hadi Arusha ni kama kilomita 480. R44 inafika ikiwa imebakiwa na akiba ndogo, na upepo ukiwa wa mbele safari hiyo siipendi. R66 inafika kwa raha zaidi kuliko zote, kwani uwezo wake ni kama kilomita 650. Bell 505, pamoja na tangi lake kubwa, inakwenda kama kilomita 566. Wengi hudhani helikopta ya bei kubwa ndiyo inayokwenda mbali. Kati ya hizi tatu sivyo.

Joto na mwinuko

Injini na mapanga havijui ramani, vinajua uzito wa hewa. Dar ikiwa na nyuzi 33, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 2,000 na zaidi kwa siku ya kawaida, ingawa umesimama karibu na bahari. Arusha ikiwa na nyuzi 28, helikopta inajiona iko kama futi 7,200. Ndiyo maana rubani aliyezoea pwani akienda Arusha huhisi kama amepewa helikopta nyingine.

Ya kuulizia ni kuelea nje ya mto wa hewa. Ukielea karibu na ardhi, hewa inayosukumwa chini inabanwa na kukubeba. Ukielea juu ya miti, au kwenye ukingo wa mteremko, mto huo haupo na nguvu yote inatoka kwenye injini. Kambi nyingi za watalii, viwanja vya shule na nyua za mahoteli zimezungukwa na miti, kwa hiyo kuingia na kutoka kwake kunahitaji akiba hiyo.

R44 ya toleo la Raven II ina nguvu-farasi 245 kwa dakika tano za kupaa na 205 kwa mwendo wa kawaida. Kwa Dar, Unguja, Mafia na Bagamoyo inatosha vizuri. Kwa Arusha mchana, ikiwa imejaa hadi kilo zake 1,134, usitegemee kuelea juu ya miti. Utaacha abiria mmoja, au utaondoka alfajiri. Siihesabu kuwa kasoro. Ni kipimo chake, na ukikiheshimu inakutumikia kwa uaminifu.

Kama unatazama R44 iliyotumika, angalia ni Raven ya kwanza au ya pili. Ya kwanza ina kabureta, na unyevunyevu wa pwani yetu unaweza kuifanya kabureta ishike barafu ndani hata siku ya joto, hasa unaposhuka na nguvu ndogo. Ina mfumo wa kuipasha moto, lakini lazima rubani aufuatilie. Raven II hunyunyiza mafuta moja kwa moja kwenye injini, na shaka hiyo inaondoka.

Injini ya R66 imebanwa kwa makusudi hadi nguvu-farasi 270 za kupaa, na uzito wake wa juu ni kilo 1,225 tu. Kwa hewa ya kiwango, ile inayotumika kama kipimo vitabuni, kiwanda kinaipa uwezo wa kuelea nje ya mto wa hewa zaidi ya futi 10,000 ikiwa imejaa. Kwa hesabu ile ya Arusha, bado ina akiba.

505 ilinipendeza hapa zaidi kuliko mahali pengine popote. Injini yake ina uwezo wa nguvu-farasi 504, kwa helikopta yenye uzito wa juu wa kilo 1,669. Pale Lanseria niliomba tuelee juu, mbali na ardhi, huku upepo ukitupiga ubavuni kutoka kulia, hali ambayo huwaonyesha marubani mipaka haraka. Kipimo cha nguvu kwenye skrini kilibaki na nafasi ya kutosha, na pedali hazikufika mwisho. Nilirudia nikigeuza mkia kwenye upepo, na utulivu ulikuwa ule ule. Ukifanya kazi ya kupiga picha, ya kukagua nyaya za umeme, au ya kumtoa majeruhi mlimani, utulivu huo ndio unaoulipia.

Viti na mizigo

Brosha huhesabu viti. Sisi tuhesabu kilo.

R44 yenye tangi limejaa inabakiwa na kama kilo 325 za watu na mizigo. Rubani na abiria watatu wa kilo 85 kila mmoja ni kilo 340. Umeshapita kabla hata begi moja halijaingia. Kwa Unguja, ambako ni kama kilomita 73 kutoka uwanjani kwetu, hupakii tangi zima. Nusu tangi inakurudishia kama kilo 63, na watu wale wanne wanabaki na kilo 48 za mabegi. Lakini ukiwa na maboya ya dharura kwa ajili ya bahari, na lazima uwe nayo, yanakula sehemu ya hizo 48. R44 pia haina chumba cha mizigo. Mabegi yanakaa chini ya viti, na begi gumu la kusukumwa kwa magurudumu haliingii. Waambie wateja kabla hawajafika uwanjani, siyo wakiwa wamesimama na mabegi yao kwenye jua.

R66 na 505 zilinishangaza nilipoziweka kwenye karatasi. Kila moja, ikiwa na tangi limejaa, inabakiwa na kama kilo 420, kutegemea vifaa ulivyofunga. Kwa mzigo tupu, ziko sawa. Chukua safari ya Mtemere, lango la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kama kilomita 150 kwenda na nyingine 150 kurudi bila kujaza mafuta njiani: zote mbili zitabeba watu watano wa kilo 85 na kama kilo 80 za mizigo, zikiwa na nusu saa ya mafuta ya akiba.

Tofauti iko kwenye nafasi. R66 ina chumba cha mizigo chake chenyewe nyuma ya abiria, kinachobeba hadi kilo 136, na hilo peke yake limewahamisha watu wengi kutoka R44. Lakini nyuma watu watatu wanakaa bega kwa bega, na wa katikati ndiye anayeumia. 505 ina sakafu bapa, kabati pana, na milango ya kushoto inayofunguka kwa upana unaoruhusu machela kuingia. Abiria mzee, mama mwenye mtoto, mgonjwa: hao wataihisi tofauti hiyo hata kama mizani haiioni.

Mkononi

R44 na R66 zina usukani wa Robinson wenye umbo la T, unaoinuka katikati ya viti na kugawanyika pande mbili. Mgeni huuona wa ajabu kwa nusu saa ya kwanza, kisha mkono unazoea. Faida yake ni kwamba anayepanda hajikwai kwenye mtaimbo kati ya magoti. R44 ni nyepesi mkononi na inajibu upesi. Inamfundisha rubani kutumia vidole, siyo mabega. R66 ni R44 yenye kifua kipana. Aliyetoka R44 atajisikia nyumbani mara moja, ila atapaswa kujifunza turbaini. Kuwasha ni kazi ya rubani mwenyewe: unabonyeza kiwashio, unasubiri mizunguko ifike mahali pake, ndipo unafungulia mafuta huku jicho likiwa kwenye kipimo cha joto. Ukiwahi kufungulia, au betri ikiwa dhaifu, injini ya bei kubwa inaungua kwa sekunde chache. Betri zinazokaa kwenye joto la Dar zinachoka upesi, kwa hiyo zipime kabla ya kila siku ya kazi.

505 imelitoa jukumu hilo mikononi mwa rubani. Unasogeza swichi, na kompyuta ya injini yenye njia mbili ndiyo inayopima mafuta tangu mwanzo hadi mwisho. Skrini kubwa mbili za Garmin zinakuonyesha kwa mstari mmoja nguvu uliyobakiza, badala ya kukuachia vipimo vitatu uvichanganye kichwani. Kioo cha mbele ni kikubwa kiasi kwamba wakati wa kutua unaiona ardhi mbele ya miguu yako. Usukani wake ni wa kawaida, kati ya magoti, na helikopta yenyewe ni nzito kidogo kugeuza mwelekeo. Kwa rubani anayekaa nayo siku nzima, uzito huo ni pumziko. Mimi binafsi nilikosa ule wepesi wa R44 kwenye sehemu finyu.

Jambo moja linazihusu helikopta zote tatu. Zote zina rota ya mapanga mawili yanayopembea kwenye kiungo kimoja. Kusukuma usukani mbele kwa nguvu mpaka mwili unajihisi mwepesi kitini kunaweza kuifanya rota igonge nguzo yake na kuvunjika. Kusi ikivuma kwa nguvu kuanzia katikati ya mwaka na hewa ikawa na mabonde, punguza mwendo. Marekani iliweka tangu mwaka 1995 mafunzo maalumu ya lazima kwa marubani wa R22 na R44, na ukimwajiri rubani wa Robinson ulizia mafunzo hayo hata kama hakuna anayekulazimisha.

Injini ikizimika

Helikopta isiyo na injini haianguki kama jiwe. Rubani anashusha mtaimbo wa kushoto, hewa inayopanda inaendelea kuzungusha mapanga, na unateleza kushuka. Kadiria mita nne mbele kwa kila mita moja unayoshuka. Ukiwa futi 1,000, una kama kilomita moja na robo. Katikati ya mkondo wa Zanzibar nchi kavu iko mbali mno kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo kwa yeyote atakayevuka bahari, maboya ya dharura na majaketi okozi siyo mapambo. R44 inapatikana na maboya kwa jina la Clipper, R66 inayo toleo la baharini, na 505 inafungwa ya kwake.

Muda wa kufikiri ndio unaotofautiana. Mapanga ya R44 ni mepesi, na mizunguko inashuka haraka rubani akichelewa. R66 inafanana nayo. 505 imechukua rota ya LongRanger, helikopta ya zamani ya Bell, nzito, inayohifadhi nguvu nyingi. Tulipoigiza kuzimika kwa injini pale Lanseria nilipata nafasi ya kupumua, na mwisho wa mtelezo rota ilikuwa bado na nguvu ya kututuliza. Rubani mwenye mazoezi ya kutosha atatua salama kwa zote tatu. Rubani asiye na mazoezi atasamehewa zaidi na 505.

Kwa wanunuzi wa R44 zilizotumika, ulizia matangi ya mafuta. Za zamani zilikuwa na matangi ya alumini ambayo yangeweza kupasuka katika ajali na kuwaka. Kiwanda kilitaka yabadilishwe kwa yale yenye mfuko laini ndani ifikapo Aprili 2013, na Australia ikazizuia kuruka zile ambazo hazikubadilishwa. Usikubali neno la mdomo. Fungua daftari la matengenezo uone iliandikwa lini na nani alisaini.

Karakana na fedha

R44 mpya imepita dola nusu milioni. R66 mpya imepita milioni moja. 505 iko juu ya hapo. Bei hubadilika kila mwaka na kwa kila kifaa unachoongeza, kwa hiyo ichukue kama ngazi tu.

Robinson zina saa yake ya mwisho. R44 hufanyiwa ukarabati mkubwa kila saa 2,200 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. R66 saa 2,000 au miaka 12. Uzuri wake ni kwamba unajua deni lako tangu siku ya kwanza, unaweka fedha kwa kila saa unayoruka. Ubaya wake unampata anayeruka kidogo. Ukiruka saa 100 kwa mwaka, miaka 12 ikifika umetumia saa 1,200 tu za R44 yako, na saa 1,000 ulizozilipia zinapotea. Bell haina siku moja kama hiyo. Kila sehemu ina umri wake, na injini ina saa 3,000 kati ya ukarabati. Hilo linampendelea anayeruka sana na mwenye ofisi inayofuatilia kumbukumbu kwa makini, kwa sababu bili zinakuja moja moja, nyakati tofauti.

Kuhusu mafundi, usiangalie helikopta, angalia leseni zao. Ulizia nani hapa Dar ana ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kwa aina unayoitaka, na akisafiri nani anabaki. Kama jibu ni fundi wa kuletwa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, au Afrika Kusini, weka nauli yake, malazi yake na siku za kusubiri kwenye bajeti. Helikopta iliyolala hangani ikisubiri kipuri cha dola mia tano inakula zaidi ya dola mia tano kila siku. Na kwa zote tatu, chumvi ya bahari ni adui wa kudumu: zioshwe kwa maji matamu baada ya kutua ufukweni, na turbaini zisuuzwe ndani kama kitabu cha injini kinavyoelekeza.

Inamfaa nani

Anayejifunza kuruka, au anayefungua shule: R44 ni mwalimu mzuri na inaweza kuingiza fedha siku ambazo hakuna mwanafunzi. Kama ni mafunzo tu, itazame pia Guimbal Cabri G2 ya Ufaransa, ya viti viwili, yenye mapanga matatu na rota ya mkia iliyofichwa ndani ya duara. Rota yake kuu inazunguka kinyume na za Marekani, kwa hiyo miguu ya aliyejifunzia humo itahitaji kuzoezwa upya akihamia Robinson au Bell. Nayo inatumia Avgas.

Mwenye kazi ya Unguja, Mafia, Bagamoyo na hoteli za Kunduchi, wateja wawili wawili: R44 Clipper, Raven II, mafuta yako yakiwa Dar. Wateja wakianza kuja kama familia yenye mabegi, hapo R66 inajilipa.

Mwenye kambi za watalii kusini, safari za nusu siku, viwanja vya vumbi: R66. Inatumia Jet A-1, ina chumba cha mizigo na inakwenda mbali. Kwa kazi hii, nikiwa natumia fedha yangu mwenyewe, ningeanzia hapo, mradi niwe na kichujio cha hewa kizuri kwenye injini.

Anayefanya kazi kaskazini au Dodoma, kubeba wagonjwa, kamera, ukaguzi wa nyaya, au viongozi wasiopenda kubanana: 505, kama una saa za kutosha kwa mwaka kuibeba gharama yake. Kwa chopa ya kampeni, inayotua viwanja vitano kwa siku na kuzungukwa na umati kila inapotua, nguvu ya ziada na milango mipana vina thamani. Lakini msimu wa kampeni ni mfupi, na helikopta itakuwepo miaka mingine yote minne.

Mmiliki binafsi anayejirusha mwenyewe wikiendi: saa zako chache zinakupeleka kwa R44 iliyotumika yenye kumbukumbu safi, au kununua kwa ubia. Turbaini ni nzuri, ila rubani wa saa chache anahitaji mwalimu pembeni kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukubali.

Na bado kama hujaamua, omba safari ya majaribio kwa masharti yako. Mwambie muuzaji unataka saa nane mchana. Weka mifuko ya mchanga kwenye viti vya nyuma, kila mfuko umepimwa kwa kilo za abiria wako wa kawaida, na ifungwe mikanda. Jaza mafuta ya safari yako halisi pamoja na akiba. Kisha omba aelee juu ya urefu wa miembe, upepo ukitoka kulia, na umwombe akusomee kwa sauti kipimo cha nguvu.